Kutoa ni Moyo, Kutunza ni Bajeti: Nani Agharamie Makao ya Wazee Nchini Kenya?

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa penye wazee haliharibiki neno. Methali hii hukaririwa madarasani, katika hafla za posa na hata bungeni, na kila inapotajwa wasikilizaji huitikia kwa kutikisa vichwa. Hata hivyo, methali hiyo ina sharti lisilosemwa. Ili neno lisiharibike, lazima wazee wenyewe wawepo. Tena wawe wameshiba, wameoga, na wana mahali pa kulaza ubavu. Jamii ya Kenya imelihifadhi neno la wazee kwa bidii kubwa katika vitabu vya kiada na mitihani ya kitaifa. Kuwahifadhi wenye neno hilo ni jambo jingine, na hapo ndipo penye kasoro.

Makala haya yanazungumzia upatikanaji na ugharamiaji wa makao ya wazee nchini Kenya. Yanashikilia kwamba mjadala wa makao haya umekwama kwa sababu daima huanza na swali la utamaduni: je, ni Uafrika kumpeleka mzee katika makao? Swali hilo lina uzito wake na litajadiliwa. Lakini limegeuzwa kichaka cha kulificha swali la pili, ambalo ndilo linaloamua iwapo mzee atakula leo: nani analipa? Hoja kuu hapa ni kwamba kumtunza mzee asiye na wa kumtunza ni wajibu wa umma, na wajibu wa umma hustahili fungu la kudumu katika bajeti. Kuuacha mikononi mwa wahisani pekee ni kumfanya mzee awe mwombaji hadi siku yake ya mwisho.

Wazee ni wangapi, na jamii imebadilika vipi?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 260, inamtambua mzee kuwa ni mtu aliyepita umri wa miaka 60. Kifungu cha 57 kinaitaka Serikali ihakikishe kuwa wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanajiendeleza, wanaishi kwa heshima na hadhi bila kudhulumiwa, na wanapata utunzaji na msaada wa kadiri kutoka kwa familia zao na kutoka kwa Serikali. Ni muhimu kukisoma kifungu hiki hadi nukta ya mwisho. Hakikusema familia au Serikali. Kimezitaja zote mbili pamoja, na kiunganishi hicho kidogo ndicho kinachosahaulika kila mwaka makadirio ya fedha yanaposomwa.

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wakenya milioni 47.6. Miongoni mwao, takriban milioni 2.7 walikuwa wametimiza miaka 60 au zaidi, yaani karibu sita katika kila mia. Kwa mtazamo wa haraka idadi hii ni ndogo, kwa kuwa Kenya ni nchi ya vijana. Lakini watu milioni 2.7 ni umati mkubwa kuliko wakazi wa kaunti nyingi nchini. Isitoshe, vijana wanaojazana katika vyuo vikuu leo ndio watakaokuwa wazee wa miaka ya 2060, na wengi wao watafika huko bila pensheni, kwa sababu zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini iko katika sekta ya jua kali, ambako hakuna mwajiri wa kumkatia mfanyakazi akiba ya uzeeni.

Jamii iliyozitunga methali za wazee ilikuwa na boma. Katika boma palikuwa na watoto, wakaza mwana, wajukuu na majirani waliokuwa pia jamaa. Mzee alipougua, palikuwapo mtu wa kumchotea maji na mwingine wa kumwotea jua pamoja naye barazani. Boma hilo limepungukiwa na watu. Wana wako Nairobi, Mombasa, Doha au Riyadh. Wengine walizikwa mapema wakati wa janga la UKIMWI, wakawaachia wazazi wao wajukuu wa kulea badala ya kuwaachia wa kuwalea. Waliosalia mjini wanaishi katika chumba kimoja cha kukodi, ghorofa ya nne, mahali ambapo mzee wa mkongojo hawezi kupanda wala kushuka. Fedha hutumwa kwa simu mwisho wa mwezi, na hilo ni jambo jema. Lakini simu haimgeuzi mgonjwa kitandani.

Hoja ya utamaduni

Wanaopinga makao ya wazee husema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, na kwamba Mwafrika halisi hamtupi mzazi wake. Hoja hii haipaswi kudharauliwa. Imebeba ukweli kwamba mzee hahitaji chakula na paa tu. Anahitaji kuitwa kwa jina lake la heshima, kuombwa shauri, na kuwaona wajukuu wakikua. Hakuna makao, hata yawe na bustani ya namna gani, yanayoweza kumpa hayo yote. Anayeweza kumtunza mzazi wake nyumbani na amtunze nyumbani.

Hata hivyo, hoja hiyo ina nyufa tatu. Kwanza, inadhania kwamba kila mzee ana familia. Wapo ambao hawakujaaliwa watoto, waliozika watoto wao wote, waliohamishwa na machafuko wakapoteana na jamaa, na waliofanya kazi mijini maisha yao yote hadi kijiji kikawasahau. Kumwambia mzee wa aina hii kwamba mahali pake ni nyumbani ni kumkejeli.

Pili, hoja hiyo haimtaji anayeubeba mzigo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Familia inaposemekana kumtunza mzee, kwa kawaida anayemtunza ni mwanamke mmoja: binti aliyeacha kazi, mkaza mwana aliyeletwa kutoka mjini, au mjukuu wa kike aliyekatiza masomo. Wanaume wengi wanaotetea utamaduni katika mikutano ya hadhara hawajawahi kumwogesha mzazi. Utamaduni unaolindwa kwa mgongo wa mtu mmoja bila kumuuliza unahitaji kuchunguzwa upya.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, hoja hiyo inadhania kwamba nyumbani ni salama. Kwa baadhi ya wazee, nyumbani ndiko kwenye hatari. Katika eneo la Ganze, Kaunti ya Kilifi, kipo kituo cha Kaya Godoma, ambacho kimewapa hifadhi wazee walionusurika kuuawa baada ya kushutumiwa uchawi. Mara nyingi shutuma hizo huwa zimefungamana na mizozo ya mashamba, na mara nyingi mshutumu ni jamaa wa karibu. Zimewahi kuripotiwa habari za wazee wa pwani wanaopaka nywele zao rangi nyeusi ili kuficha mvi, zile mvi ambazo fasihi huzisifu kuwa taji la hekima. Wala janga hili si la pwani pekee. Mnamo Mei 2008, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto na umati katika eneo la Kisii kwa tuhuma za uchawi. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wenye umri mkubwa waliuawa kwa tuhuma kama hizo huko Marani, katika kaunti hiyohiyo. Mzee aliyekimbia shoka la mwanawe akapata kitanda Kaya Godoma hakuuacha Uafrika wake nyuma. Ameokoa uhai wake.

Aidha, Afrika yenyewe imekwisha kulijibu swali hili. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu Haki za Wazee, iliyopitishwa Januari 2016 na kuanza kutumika Novemba 2024, inayataja makao ya wazee katika Kifungu chake cha 11. Inayataka mataifa yatunge au yapitie upya sheria ili makao yawe ni hiari ya mzee, yawe ya gharama anayoimudu, na huduma zake zifikie viwango vya chini vya kitaifa. Hiari, gharama na viwango: haya ndiyo maneno matatu yanayostahili kutawala mjadala.

Makao yaliyopo na wanaoyaendesha

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Makao mengi ya wazee wasiojiweza nchini Kenya yamesimamishwa na mashirika ya dini. Pembezoni mwa Barabara ya Thika jijini Nairobi ipo Nyumba ya Wazee, inayoendeshwa na masista wa shirika la Kikatoliki lililoanzishwa nchini Ufaransa mwaka 1839 na Jeanne Jugan. Huko Thogoto, wilayani Kikuyu ya zamani, Kanisa la PCEA lina makao yake ya wazee. Serikali ya Kaunti ya Nairobi, kwa upande wake, ilirithi Mji wa Huruma kutoka kwa lililokuwa Baraza la Jiji. Zaidi ya hayo, katika vitongoji vya Nairobi na Kiambu yamechipuka makao ya kibinafsi yanayotoza ada ya kila mwezi, ambayo familia ya kipato cha wastani huijadili kwa vikao vingi kabla ya kuikubali.

Kwa hiyo picha inayojitokeza ni ya ngazi mbili. Juu wapo wenye uwezo wa kununua huduma. Chini wapo mafukara wachache waliobahatika kupata kitanda cha hisani. Katikati limebaki kundi kubwa lisilo na mlango wa kubisha: mwalimu mstaafu mwenye pensheni ndogo, mama muuza mboga aliyepooza, fundi cherehani aliyepoteza macho. Hawa si maskini kiasi cha kuhurumiwa, wala si matajiri kiasi cha kulipa. Aidha, makao yenyewe yamesongamana karibu na Nairobi. Mzee wa Turkana, Mandera au Tana River akihitaji kitanda, safari ya kukifuata ni ndefu kuliko nguvu zake, na akifika huko hatasikia lugha yake.

Hesabu ya shilingi elfu mbili

Suala la ugharamiaji linahitaji hesabu, hata kama wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha. Mwaka 2018 Serikali ilipanua mpango wa Inua Jamii ili uwafikie wazee wa miaka 70 na zaidi kwa malipo ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Hatua hiyo ilikuwa kubwa na inastahili kupongezwa. Kwa bibi anayeishi na jamaa, fedha hizo humpa sauti nyumbani. Ananunua sabuni, sukari na majani ya chai bila kuomba. Lakini shilingi 2,000 kwa mwezi ni kama shilingi 67 kwa siku, na malipo yenyewe yamewahi kucheleweshwa kwa miezi.

Sasa na tuchukuliwe mfano wa makao yenye wazee 30, na ikubaliwe kwamba kila mmoja wao anapokea fedha hizo na kuzikabidhi zote kwa makao. Jumla ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Wiki ina saa 168, na mzee asiyejiweza huhitaji mtu mchana na usiku. Mfanyakazi wa kawaida nchini Kenya hufanya kazi saa 52 kwa wiki. Kwa hiyo, ili pawepo mtunzaji mmoja tu wakati wote, ni lazima waajiriwe watunzaji wanne, kwa kuzingatia pia siku ya mapumziko na likizo ya mwaka. Shilingi 60,000 zikigawanywa kwa wanne, kila mmoja anapata 15,000, kiasi ambacho hakifikii kima cha chini cha mshahara wa kibarua jijini Nairobi. Hapo hakujanunuliwa hata kilo moja ya unga. Hakujalipwa maji, stima, dawa ya shinikizo la damu, nepi za watu wazima wala mafuta ya gari la kumpeleka mgonjwa hospitali. Tena mtunzaji mmoja kwa wazee 30 si utunzaji. Ni ulinzi wa lango.

Pengo linalobaki huzibwa na wahisani. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na Wakenya wana moyo wa kutoa; neno harambee limechorwa hata katika nembo ya taifa. Lakini utoaji huo una majira yake. Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Wazee, na kila Desemba, makao hupokea wageni wengi wenye marobota ya unga, mablanketi na kamera. Ikifika Februari wageni huadimika, ilhali njaa haina kalenda. Aidha, harambee hufaa sana kwa gharama ya mara moja, kama vile kujenga ukuta au kununua kiti cha magurudumu. Haifai kwa gharama ya kila mwezi. Hakuna mhisani anayependa kupigwa picha akilipa mshahara wa mhudumu wa zamu ya usiku, na ilhali mhudumu huyo ndiye anayetenganisha makao na bohari la watu. Ukiona vyaelea vimeundwa. Makao yanayosimama imara yana mtu anayelipa kimyakimya.

Hapa pana kinaya kingine. Vijana wengi wa Kenya wanajifunza kazi ya kutunza wazee, lakini kwa ajili ya wazee wa nchi nyingine. Mnamo Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano kuhusu wahudumu wa afya, na Septemba 2024 Kenya ikatia saini na Ujerumani makubaliano ya kupeleka wafanyakazi. Hakuna ubaya kijana kutafuta riziki ng'ambo. Ubaya uko katika kuamini kwamba kazi hiyohiyo ni taaluma inapofanywa Berlin na ni kazi ya yaya inapofanywa Busia.

Pengo la sheria

Ugharamiaji hauwezi kutengemaa kabla ya kujulikana mwenye wajibu. Jedwali la Nne la Katiba linagawa majukumu baina ya Serikali ya Kitaifa na kaunti. Kaunti zimepewa, miongoni mwa mengine, afya ya mashinani, elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Makao ya wazee hayakutajwa. Kifungu cha 186 kinasema kwamba jukumu ambalo halikupewa kaunti hubaki kuwa la Serikali ya Kitaifa. Kwa hivyo Serikali ya Kitaifa inaweza kusema kwamba huduma za mashinani ni za kaunti, kaunti nayo ikasema kwamba jukumu hilo halimo katika orodha yake, na mzee akabaki katikati kama mpira usio na mchezaji.

Linganisho na watoto linafaa hapa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, na ile ya 2022 iliyochukua nafasi yake, ziliweka masharti ya kusajili na kukagua taasisi za hisani zinazolea watoto. Wazee hawajapata sheria ya uzito huo kuhusu makao yao. Mnamo 2018 uliwasilishwa katika Seneti mswada wa kuwatunza na kuwalinda wazee, lakini muhula wa Bunge hilo ulimalizika mwaka 2022 kabla mswada haujawa sheria. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye nyumba na vitanda anaweza kuwapokea wazee bila masharti mahususi kuhusu idadi ya watunzaji au haki ya mkazi kulalamika. Sheria inapokosekana, mema ya makao hutegemea wema wa mwendeshaji, na wema haukaguliwi.

Mifano ya karibu

Kwa wanaodhani kwamba Serikali ya Kiafrika haiwezi kuendesha makao ya wazee, hawana haja ya kutazama Ulaya. Tanzania Bara kwa miaka mingi imekuwa na makazi ya wazee wasiojiweza yanayoendeshwa na Serikali, yakiwemo ya Nunge huko Kigamboni, Njoro huko Kilimanjaro, Bukumbi huko Mwanza na Kolandoto huko Shinyanga. Visiwani Zanzibar, nyumba za wazee za Sebleni na Welezo ziko chini ya Serikali. Zanzibar ilikwenda hatua nyingine mnamo Aprili 2016 ilipoanza kuwalipa wakazi wote wa miaka 70 na zaidi pensheni jamii, kwa kuanzia na shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, kiwango ambacho kilipandishwa baadaye.

Makazi hayo hayakosi dosari; uchakavu wa majengo na uhaba wa wahudumu vimelalamikiwa mara kwa mara. Lakini yana jambo moja ambalo Kenya haina. Mzee akikosa chakula huko Sebleni, kuna waziri wa kuulizwa barazani. Mzee akikosa chakula katika makao ya hisani nchini Kenya, anayeulizwa ni sista.

Nini kifanyike?

Kwanza, Bunge litunge sheria inayotaja kwa jina mwenye wajibu. Inafaa Serikali ya Kitaifa iweke viwango na kutoa fedha, nazo kaunti ziendeshe au zikague makao. Kila kaunti iwe na angalau mahali pamoja pa dharura pa kumpokea mzee aliyetelekezwa au anayewindwa.

Pili, fedha zifuate kichwa. Kenya inaijua njia hii. Kuanzia mwaka 2018, mgao uliotangazwa kwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya kutwa ulikuwa shilingi 22,244 kwa mwaka, na ingawa mgao huo umekuwa ukichelewa na kupunguzwa, msingi wake ni sahihi: taasisi hupata fedha kwa hesabu ya watu inaowahudumia. Makao yaliyosajiliwa na kukaguliwa, yawe ya kanisa, ya msikiti au ya kaunti, yapate mgao kwa kila mzee asiye na uwezo. Wenye uwezo wachangie kwa kadiri ya kipato chao, ili makao yasigeuzwe jaa la watoto wenye fedha wanaokimbia jukumu.

Tatu, vituo vya kutwa vipewe kipaumbele sawa na makao ya kulala. Wazee wengi hawahitaji kuhama nyumbani. Wanahitaji mahali pa kushinda mchana, wapate mlo moto, wapimwe shinikizo la damu na wapige soga, kisha jioni warejee kwa jamaa aliyekwenda kazini. Huduma kama hii ni nafuu na inaheshimu utamaduni uleule unaotetewa.

Wanakiswahili wana nini cha kufanya?

Huenda msomaji akauliza suala hili linahusu nini taaluma ya Kiswahili. Linaihusu kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni istilahi. Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja aliyezeeka: mzee, shaibu, ajuza, kikongwe, kizee. Lakini hali ya mzee kupoteza kumbukumbu kwa sababu ya maradhi ya ubongo haijapata istilahi moja iliyokubalika na kuenea vijijini. Wananchi husema amerudi utotoni, amerukwa na akili, au ana mambo yake. Mzee anapopotea njia usiku na kukutwa katika boma la watu asiweze kueleza alivyofika, jamii isiyo na jina la ugonjwa huo huwa na jina jingine tayari, nalo ni uchawi. Hapa istilahi si zoezi la kamati. Neno moja linaloeleweka, likitangazwa redioni na kufundishwa shuleni, laweza kumwokoa mtu.

Njia ya pili ni utafiti wa nyanjani. Kila mwaka wanafunzi wa fasihi simulizi huwaendea wazee wakiwa na vinasa sauti, hukusanya ngano, nyiso, na vitendawili, kisha hurejea chuoni na kupata alama. Mzee husifiwa katika tasnifu kuwa ni maktaba. Sifa hiyo ikichukuliwa kwa uzito, ikumbukwe kwamba maktaba huwa na paa, mtunzaji na fungu la bajeti. Mkabala wa fasihi umemzoea mzee kama mtoaji wa wasia, na haujamzoea kama mwili unaohitaji kutunzwa. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mnamo mwaka 1858 hivi akiwa mgonjwa, na vizazi vya wanafunzi vimeuchambua wasia wake kwa bintiye. Ni nadra darasa kusimama na kuuliza juu ya kitanda alichokuwa amelalia na mikono iliyokuwa ikimuuguza. Idara zinaweza kuamua kwamba utafiti wa fasihi simulizi uambatane na huduma: mwanafunzi anayekusanya hadithi katika makao arudi kuwasomea wazee, kuwaandikia barua, na kuwarudishia nakala ya walichokisema.

Njia ya tatu ni haki. Mikataba ya kumpokea mzee katika makao ya kibinafsi huandikwa kwa Kiingereza, ilhali Katiba imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mzee hutia kidole gumba kwenye karatasi asiyoielewa. Vyama vya Kiswahili vya wanafunzi vina uwezo wa kuandaa, kwa Kiswahili chepesi, kijikaratasi kinachoeleza Kifungu cha 57, masharti ya kuuliza kabla ya kutia saini, na mahali pa kupeleka malalamiko. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji majuma machache ya bidii.

Hitimisho

Makao ya wazee hayatachukua nafasi ya familia, wala hayapaswi. Yanahitajika pale familia isipokuwepo, isipoweza, au inapokuwa ndiyo tishio. Kuendelea kubishana iwapo ni ya Kiafrika au ya kigeni, huku masista wakizunguka sokoni kuomba viazi vya kuwalisha raia wa Jamhuri, ni kuukwepa wajibu ambao Katiba imeuandika wazi. Bajeti ijayo itakaposomwa, wanakiswahili na wazalendo wote watafute ndani yake mstari mmoja: fungu la makao ya wazee, kwa kiasi, kwa kaunti, na kwa kichwa. Mstari huo ukikosekana, waulize mbunge wao sababu, na waulize kwa Kiswahili, ili na mzee aliyeketi nyuma ya mkutano apate kusikia jibu.